Limewahi Kufukuliwa

Nimezaliwa Tanga, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa mmoja: tunaamini Kiswahili tumekizaa sisi, wengine wote tumewaazima. Nilipopangiwa kazi ya afisa afya huko Mbinga niliubeba ugonjwa huo mpaka milimani na nikakaa nao miaka sita bila kutafuta dawa. Mtu akisema mbele yangu "huwa anakujaga", namwambia "huja". Katekista, mtendaji wa kijiji, mama wa ndizi sokoni, sikumbakiza mtu. Walinivumilia, nami nilidhani wananifurahia.

Barabara ya kijiji kimoja upande wa Mkumbi ilipotakiwa kupanuliwa ili malori ya makaa ya mawe yapishane, ilikutwa kuna makaburi kumi na moja kwenye hifadhi ya barabara. Huko watu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo, kando ya mikahawa au chini kidogo ya nyumba, kwa hiyo barabara ikinenepa lazima ikanyage mtu. Kibali kilitoka, na kazi ya kusimamia ikawa yangu: nihakikishe mifupa imetolewa kwa usafi, ndugu wapo, dini yao imeheshimiwa, na mwisho nijaze fomu.

Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji aliizungukazunguka ile habari. Alisema kutakuwa na zoezi la "kuwahamisha wapendwa wetu". Alisema "kuwapeleka makao mapya". Mimi nikachoka. Nikasimama nikasema tuliite jambo kwa jina lake, maana sheria haina makao mapya; neno lake ni kufukua. Tutafukua makaburi kumi na moja, nikasema, na nikalirudia neno mara tatu kama mwalimu wa darasa la pili.

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kofia mkononi aliivaa, akaondoka. Baadaye mtendaji alinisindikiza hadi kwenye pikipiki akaniambia polepole, "Bibi afya, hapa kwetu anayefukua ni fisi. Na yule mwingine." Hakumtaja huyo mwingine, na hakuhitaji. Hata Tanga mtu akisema fulani amefukua kaburi, hatuulizi alikuwa anatafuta maji. Nililijua hilo vizuri tu. Nilicheka, nikamwambia kwamba fisi anafukua na serikali nayo inafukua, tofauti ni kibali. Nilijiona nimesema jambo la maana.

Makaburi kumi hayakutusumbua. Yalikuwa na saruji au msalaba wa chuma, na wenyewe walijua nani yuko wapi. Tulizungushia turubai, katekista akasali, wanaume wanne waliovaa glovu na gambuti wakachimba taratibu, na kila marehemu akaingia kwenye sanduku lake dogo jipya, akapelekwa kwenye makaburi ya kigango, kanisa lao dogo la kijijini. Siku nne tukawa tumemaliza kumi.

La kumi na moja lilikuwa la yule mzee wa kofia.

Mke wake wa kwanza alifariki kwa uzazi, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekata barabara, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Alizikwa na mtoto wake tumboni, kwenye mkeka na blanketi, juu ya mteremko mkali wenye mawe ambako shimo refu halikuwezekana. Msalaba wake ulikuwa wa mti, ukaliwa na mchwa, ukaanguka, na mteremko ukarudi kuwa shamba. Aliacha watoto wawili wa kiume. Mzee alioa tena mwaka uliofuata, akamchukua binti wa Kinyasa kutoka ufukweni mwa ziwa, na huyo ndiye aliyewalea wale watoto wawili mpaka wakaota ndevu.

Sasa mzee alikuwa mgonjwa wa mapafu. Kila neno lilimtoka na kipande cha pumzi. Aliniambia siku ya kwanza, mbele ya mkewe huyo wa pili aliyekuwa akinikaribisha kiti, "Mimi siendi mbali, mwanangu. Nataka yule atangulie kule kigangoni, ili nami nikija nijue nalala wapi." Mke wa pili alipangusa kiti kilichokuwa safi tayari. Niliona jambo hilo, nikalipita.

Nilimwuliza mzee kaburi liko wapi. Akanionyesha mwamba mmoja juu ya mteremko akasema, "Kutoka pale mwambani, shimo la nne kushuka, halafu la pili kuelekea barabarani."

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu mimi mwenyewe nilihitaji kuelezwa. Wamatengo hulima milima yao kwa ngoro. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, zikawa miraba. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa tuta, na maharage yanapandwa kwenye matuta. Ukiutazama mlima kutoka mbali unaona mashimo kama ya trei ya mayai. Maji ya mvua yanaingia mashimoni yanatulia, udongo haukimbii. Shamba likipumzika na kulimwa upya, palipokuwa tuta panachimbwa shimo, na safari inayofuata vinarudi vilipokuwa. Mzee alikuwa amehesabu mizunguko yote hiyo kichwani kwa miaka thelathini. Kwa hesabu yake, mwaka huu mashimo yalikuwa yamekaa vilevile yalivyokaa mwaka aliomzika mkewe. Nilivutiwa. Nikawaambia wachimbaji waanze hapohapo.

Walichimba kuanzia saa mbili asubuhi. Kufika saa sita walikuwa kwenye mwamba, na hapakuwa na kitu, hata udongo wa rangi tofauti. Tukapanua kulia, tukapanua kushoto. Mzee alikaa kwenye kigoda pembeni ya turubai amejifunika koti, akihesabu upya kwa kidole: nne, mbili, nne, mbili. Greda lilikuwa limeegeshwa chini barabarani na dereva wake alikuja mara mbili kuniuliza kama kesho asubuhi anaweza kupita. Mara ya pili nilimjibu vibaya. Mtoto wa kwanza wa marehemu, mtu mzima mwenye watoto wake, alinong'ona kwamba labda tuchukue udongo wa hapo, tuuweke sandukuni, mzee aridhike. Watu hufanya hivyo na si dhambi. Lakini mzee alisikia akasema hataki kulala na udongo.

Saa nane mke wa pili alileta chakula. Aliponinawisha mikono alinimwagia maji mengi kuliko inavyohitajika, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi afya, njoo unitazamie choo changu, kimetitia." Afisa afya haachi choo kilichotitia. Nikamfuata nyuma ya nyumba. Choo kilikuwa kizima kabisa.

"Wanachimba mahali siko," akaniambia. "Yuko juu zaidi. Kwenye tuta, siyo kwenye shimo."

Nilimwuliza amejuaje.

Alianza kuvuta ncha za khanga yake. Mwaka ule alioolewa, alisema, mume alikuwa amelazwa hospitali msimu wa maharage ulipofika, na nyasi zililazwa na jirani ambaye hakujua mpaka wa kaburi. Msalaba ulikuwa umeshaanguka na mvua ilikuwa imekula udongo wa juu. Yeye alikuwa mgeni, binti wa ziwani, ngoro alikuwa anafundishwa na mama mkwe, na siku hiyo mama mkwe hakuwepo. Akapiga jembe. La tatu au la nne, likagonga kitu ambacho si jiwe.

"Niliona nywele," akasema. "Zilikuwa zimesukwa."

Angekimbia, angepiga kelele, angemwita mtu. Lakini alijua wangesema nini: mke mpya, mtu wa ziwani, miezi michache tu ndani ya nyumba, amekutwa na jembe juu ya kichwa cha mwenzake. Akavua kilemba chake kichwani, akamfunga nacho. Akamsogeza kidogo juu ambako maji hayapiti, akamrudishia udongo, akaulaza mstari wa nyasi juu yake ili pawe tuta. Na tangu hapo, kila shamba lilipolimwa upya, mume akishalaza nyasi zake, yeye aliamka mapema kabla ya wengine akausogeza ule mstari nusu hatua, pale juu pasigeuke shimo. Ndiyo sababu hesabu ya mzee ilikuwa imepotea. Mwanamke alikuwa ameisogeza kwa miaka thelathini ili jembe lisimrudie yule mwenzake.

"Na maharage ya hapo?" nikamwuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Sijapanda hata siku moja. Nilikuwa nasema panya wamekula mbegu."

Alinitaka nimwahidi kwamba sitasema. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, naapa, na nikamwambia asiogope. Kisha nikarudi kwa wachimbaji nikajifanya mtaalamu. Nilichukua udongo wa juu nikauponda kwa vidole, nikasema kwa rangi hii maji yamesukuma vitu, hebu tujaribu pale tutani. Baada ya nusu saa tukampata.

Alikuwa amebaki kidogo sana. Udongo wa mteremko ule haukawii kula mtu. Fuvu lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa cha nailoni cha bluu, na nailoni, kama tujuavyo sisi wa takataka, haiozi. Nilikifunika haraka kwa shuka jeupe na kuviweka vyote sandukuni kabla mzee hajafikishwa karibu. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Aliweka mkono juu ya sanduku, akakohoa, akasema, "Ndiye." Mtoto wake mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye macho yake yalikuwa mazuri.

Mpaka hapo ahadi yangu ilikuwa nzima. Ningejaza fomu nikaenda zangu nyumbani kuoga.

Fomu ile ina sehemu iliyoandikwa "Hali ya kaburi wakati wa zoezi", na chini yake kuna mistari minne. Kwa yale kumi nilikuwa nimeandika neno moja tu: zima. Kwa hili nikashika kalamu nikafikiri. Mabaki hayakuwa katika mkao wa maziko. Kichwa kilikuwa upande wake, kimefungwa. Mkaguzi akija siku moja na kuniuliza, nitasema nini? Na mimi nilikuwa mtu wa neno sahihi. Nikaandika kwenye mstari wa kwanza: Limewahi kufukuliwa. Niliangalia hati yangu, nikaona imenyooka. Sikutaja jina la mtu yeyote, kwa hiyo nilijiambia kwamba sijavunja ahadi.

Kilichonitoka akilini, au nilichojifanya kimenitoka, ni kwamba ndugu hawasaini fomu mpaka wasomewe.

Mtendaji aliisoma sebuleni kwa mzee, jioni hiyohiyo jua likiwa bado lipo, katekista akiwa ameketi na sanduku likiwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Alifika kwenye ule mstari akasimama. Akainua macho. "Bibi afya, hili neno," akasema, "tuliache hivihivi?"

Alikuwa ananipa kamba, nami nilikuwa nimetumbukia kisimani. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nilimwona ananisahihisha mbele za watu, mimi, wa Tanga. Nikasema, "Ndivyo ilivyo. Kumbukumbu za serikali haziandikwi kwa kuficha."

Akasoma. "Hali ya kaburi: limewahi kufukuliwa."

Mzee aliuliza, "Limefanywa nini?" Mtendaji akarudia. Mzee akauliza, "Na nani?" Wote wakanitazama mimi, nami nikatazama fomu. Ndipo yule mtoto mkubwa aliponyanyuka. Ukutani kulikuwa na picha ya ndoa ya baba yake na mke wa pili, ya rangi, imefifia upande mmoja. Hakuitungua. Aliinyooshea kidole tu, kwenye kichwa cha bibi harusi, kwenye kilemba cha bluu.

"Mama," akasema. Alikuwa akimwita mama tangu ana miaka minne. "Mama, kile kitambaa."

Mke wa pili alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Ni changu," akasema. Akaanza kueleza, jembe, mvua, jirani, lakini Kiswahili chake kilikatika akaingia Kinyasa, na Kinyasa humo ndani hakikuwa na mtu wa kukijibu. Mimi nilisimama nikasema ni kweli, ameniambia mchana, alikuwa anasitiri. Nikazidi kuharibu. Sasa ilijulikana kwamba alijua, kwamba tulikaa nyuma ya choo tukapanga, na kwamba ile habari ya rangi ya udongo ilikuwa mchezo. Katekista alijaribu kusema habari ya huruma. Mzee alimwinulia mkono anyamaze.

"Miaka thelathini," mzee akasema, na kila neno lilimchukua muda. "Miaka thelathini nakula ugali wa mkono uliomfukua mke wangu."

Hakupiga kelele, na hakuna aliyepiga. Siku hiyo alikunywa chai iliyopikwa na mkaza mwana. Kesho yake marehemu alizikwa kigangoni kwa heshima zote, na mke wa pili hakuitwa. Jumapili mtoto mkubwa alimbebea mabegi yake mawili hadi kwenye gari la kuteremka ziwani, akamlipia nauli, akamshika mkono. Watu walisema ni mtoto mwenye adabu.

Nilijitetea kwa muda mrefu. Nilisema mwenye makosa ni mtendaji aliyesoma, au ni ushamba wa watu wa milimani, au ni fomu. Nilimweleza mume wangu kwa simu na yeye akaniuliza swali moja, "Ungekufa ukiandika 'zima' kama kwa wengine?" Nikamkatia. Niliona aibu, na mimi aibu huwa inanijia na hasira mkononi.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, kiangazi. Akazikwa alipotaka. Baada ya arobaini yake, ambayo kwao haina uzito kama kwetu lakini mimi niliihesabu, niliandika barua rasmi ya kusahihisha kumbukumbu, nikaipiga muhuri wa ofisi, nikapanda gari la ziwani kwenda kumpelekea yule mama nakala.

Barabara inashuka kona kwa kona mpaka masikio yanaziba, kisha joto linakupokea na unaliona Ziwa Nyasa limejaa macho yote. Nilimkuta kwa kaka yake, upande wa uani, akigeuza dagaa kwenye chanja. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, bibi afya," kana kwamba tulionana juzi, akanipa kigoda, akaenda kuniletea maji.

Nilimpa habari za msiba. Alikuwa amezisikia siku ya tatu baada ya maziko, kutoka kwa mchuuzi wa dagaa. Hakuuliza alizikwa wapi. Nilimwuliza kama wale watoto wanakuja kumwona, akasema mdogo alipiga simu mara moja, hakuongea sana, alikuwa analia. Kaka yake, alisema, ni mtu mzuri, lakini wifi yake hamruhusu kushika mtoto mchanga. Habari ilikuwa imetangulia kushuka mlima.

Nikatoa barua. Nikamsomea yote, pamoja na namba ya kumbukumbu. Niliandika kwamba neno "kufukuliwa" katika fomu ya awali lifutwe, na badala yake isomeke kwamba kaburi liliathiriwa na mmomonyoko wa udongo. Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo kwa wiki mbili. Nikamwambia nitaipeleka kwa mtendaji, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, ili arudi nyumbani kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliendelea kugeuza dagaa, upande huu, upande ule, mpaka chanja yote ikawa imepinduliwa.

"Humo namo simo," akasema.

Nikamwambia nimemtoa makusudi, ili asiguswe na lawama.

"Nimeelewa, mwanangu. Mara ya kwanza nilifukua, sasa ni mvua." Aliupangusa mkono wake kwenye khanga, akaigusa ile karatasi kwenye muhuri, kwa ncha ya kidole. "Yule nilimfunika. Nilimfunika kila msimu, mpaka nimezeeka. Kwenye ile karatasi yako ya kwanza, hapakuwa na nafasi ya kuandika hivyo?"

Nilitaka kumwambia habari za mkaguzi na utaratibu wa ofisi. Nilimtazama usoni, nikaikunja ile barua.

"Ilikuwepo, mama," nikamwambia. "Mistari mitatu. Niliiacha wazi."